Mapato, Mauzo au Faida? Uhakiki wa Tafsiri ya Fomu ya Kodi

Makala haya yanahakiki tafsiri iliyofanywa darasani katika somo letu la Tafsiri. Matini chanzi haikuwa hadithi wala hotuba. Ilikuwa fomu ya kodi ya biashara ndogo ya mwaka wa kodi wa 2023/24, iliyoletwa na mwanafunzi anayejilipia karo kwa kusambaza chakula na vifurushi kwa pikipiki mjini Kampala. Amejiajiri, hivyo hakuna mwajiri wa kumkatia kodi kwenye mshahara. Fomu anaijaza mwenyewe.

Tuanze na sifa. Tafsiri ya wanafunzi ilizingatia upatanisho wa kisarufi, na istilahi zake zilitoka katika kamusi zinazoaminika. Hata hivyo, mwenye fomu alipoijaza kwa kufuata tafsiri ya wenzake, aliijaza vibaya. Kasoro zilikuwa katika maneno matatu.

Neno la kwanza ni "mapato". Darasa lililitumia kumaanisha fedha zote zinazoingia kabla ya kutoa gharama yoyote. Lakini mtu wa kawaida akiulizwa mapato yake, hutaja kile anachorudi nacho nyumbani. Kijana wetu aliandika shilingi milioni 9, baada ya kuondoa mafuta, matengenezo na muda wa maongezi. Jumla aliyolipwa ilikuwa kama milioni 14, yaani takriban 45,000 kwa siku. Kwa viwango vya Uganda vilivyoanza kutumika Julai 2020, biashara ndogo isiyozidi milioni 10 kwa mwaka haitozwi kodi hii, na kinachopimwa ni jumla hiyo, si faida. Kwa hesabu yake, hakudaiwa chochote. Hakukusudia kudanganya, alidanganywa na neno. Siku ya ukaguzi hakuna atakayeuliza nani alitafsiri.

Neno la pili ni "mauzo ghafi", lililopendekezwa na kundi jingine. Linatumika sana Tanzania, na kwa mwenye duka halina shida. Lakini mwenzao alihoji, "Mwalimu, mimi siuzi kitu. Chakula ni cha hoteli, mimi nabeba tu." Nalo "ghafi" kwake lilikuwa la mali ghafi: pamba, kahawa na ngozi. Istilahi ni sahihi, ila haikumfikia mlengwa.

Neno la tatu ni "kumbukumbu". Fomu inauliza kama mfanyabiashara anazo. Akajibu bila kusita kwamba anazo, zote ziko kichwani! Darasa lilicheka, lakini kosa halikuwa lake. Neno hilo linabeba maana zote mbili, na fomu ilikusudia moja tu. Tena hapa ndipo penye fedha. Katika kundi la milioni 10 hadi 30, asiye na hesabu za maandishi alitozwa shilingi 80,000 kwa mkupuo. Mwenye nazo alitozwa asilimia 0.4 ya kiasi kinachozidi milioni 10. Kwa milioni 14, hiyo ni shilingi 16,000. Tofauti ya 64,000 inazidi malipo yake ya siku nzima.

Wapo watakaosema dawa ni kumfundisha mlipakodi istilahi. Sipingi, lakini mtu hajazi fomu akiwa darasani. Huijaza usiku, amechoka, pengine kwa simu. Ninapendekeza sehemu ya kwanza isomeke hivi: "Jumla ya fedha zote ulizolipwa kwa kazi yako kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Juni, kabla ya kuondoa mafuta, matengenezo na gharama nyingine." Na swali la hesabu lisomeke: "Je, unaandika katika daftari fedha zote zinazoingia na zinazotoka?" Ni kweli kwamba maneno yameongezeka na nafasi ya fomu ni finyu. Lakini neno moja linalomfanya msomaji aandike milioni 9 badala ya 14 halijaokoa nafasi yoyote.

Tulimpa fomu mara ya pili. Safari hii aliandika milioni 14, na kwenye swali la daftari akajibu "Hapana". Yalikuwa majibu sahihi, na yalimgharimu 80,000. Wiki iliyofuata alikuja darasani na daftari jipya.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, tumesherehekea sana na kuandaa makongamano. Lugha rasmi, pamoja na mambo mengine, ni lugha ya fomu, na watakaozitafsiri watatoka katika idara kama yetu. Walimu wenzangu, tuweke fomu miongoni mwa matini za mitihani. Na kabla ya kutoa alama, tumpe tafsiri hiyo mtu anayehusika aijaze. Akikosea, tuisome upya tafsiri kabla ya kumlaumu.