Dakika 3 na Dakika 74

Kwenye korido ya Shule ya Msingi Robb, mjini Uvalde, Texas, kulikuwa na kamera iliyofungwa juu ukutani. Video yake ilifika kwa waandishi wa habari Julai 2022, na waliokubali kuirusha waliondoa kwanza sauti za watoto. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara nimeitazama nikiwa na saa mkononi.

Saa 5:33 asubuhi ya tarehe 24 Mei 2022, kijana wa miaka 18 anaingia na bunduki. Hana haraka. Mtoto anayetoka msalani anachungulia konani, anamwona, anageuka na kukimbia. Dakika 3 hivi baadaye askari wa kwanza wameshaingia jengoni. Wanasogea kwenye milango ya madarasa 111 na 112, risasi zinapenya kutoka ndani, wawili wanaparuzwa, wote wanarudi mbio hadi mwisho wa korido. Kuanzia hapo ni watu kusimama. Wanaongezeka, wanaleta ngao, wanaelekeza mitutu, wanasimama. Mmoja anaiendea chupa ya ukutani ya dawa ya kutakasia mikono, anapaka, anasugua viganja. Saa 6:50 mchana ndipo kikosi kinaingia darasani na kumuua mshambuliaji. Watoto 19 na walimu wawili wameuawa.

Jumla ni dakika 77. Wamarekani wamebishana juu yake miaka yote hii, na nikiwasikiliza naona kila upande umejichagulia kipande cha saa. Wanaosema tatizo ni polisi huzungumzia dakika 74 za mwisho. Wanaosema tatizo ni bunduki huzungumzia dakika 3 za mwanzo. Mimi naona ukizifuatilia zile 74 kwa makini, zinakurudisha kwenye zile 3.

Kusubiri kuna historia yake. Tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili waliposhambulia Sekondari ya Columbine, jimboni Colorado, polisi walifanya walichofundishwa: zingira jengo, zuia njia, subiri kikosi maalumu. Mafunzo hayo yalitungwa kwa ajili ya majambazi wa benki walioshika mateka, watu wanaotaka fedha au gari la kutorokea, ambao kila saa inayopita huwachosha na kuwalegeza. Vijana wa Columbine hawakutaka kitu. Kwao muda ulikuwa ni watu zaidi wa kuua. Mwalimu mmoja aliyepigwa risasi alivuja damu kwa zaidi ya saa tatu huku watu waliokuwa naye wameweka bango dirishani kueleza kwamba kuna mtu anakufa. Alikufa.

Baada ya hapo mafunzo yaligeuzwa juu chini. Askari wa kwanza kufika, hata akiwa peke yake, aingie na aufuate mlio wa risasi. Asiwainamie majeruhi njiani, awaruke. Kwanza zuia kuua, ndipo uzuie kufa. Kituo kinachofundisha mbinu hizo kwa nchi nzima, maarufu kwa jina la ALERRT, kipo hapohapo Texas, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas, tangu 2002. Askari wa shule za Uvalde walikuwa wamepitia mafunzo ya aina hiyo miezi miwili tu kabla ya tukio. Kwa hiyo jibu la kwamba hawakufundishwa tuliweke kando. Walifundishwa.

Kilichowapoteza, kwa usomaji wangu wa ripoti mbili kuu, ile ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Texas ya Julai 2022 na ile ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Januari 2024, ni jina. Polisi wana majina mawili ya hali kama ile. La kwanza ni mshambuliaji anayeendelea kuua; hapo unaingia, hakuna mjadala. La pili ni mtu aliyejifungia ndani. Hapo unatulia, unaondoa watu wa jirani, unampigia simu, unamsemesha. Mkuu wa polisi wa shule, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, alichagua jina la pili. Tangu hapo kila alichofanya kilikuwa sahihi kwa jina hilo na kosa kwa hali iliyokuwepo. Alihamisha watoto wa madarasa mengine. Alijaribu kuzungumza na mtu asiyejibu. Aliagiza funguo, akawa anazijaribu kwenye mlango mwingine apate unaofanana.

Kuhusu mlango wenyewe, sijui niandike nini kinachotosha. Kamati ya Texas iligundua kwamba kitasa cha darasa 111 kilijulikana shuleni kuwa kibovu, na kwamba yumkini mlango haukuwa umefungwa kabisa. Hakuna aliyejaribu kuuvuta. Kwa muda mrefu walitafuta ufunguo wa mlango ambao huenda ulikuwa wazi.

Wengine hutetea kwamba askari wa koridoni hawakujua kama kuna walio hai ndani. Utetezi huo unaishia kwenye simu. Saa 6 mchana ilipopita kidogo, mtoto wa darasa 112 aliipigia namba ya dharura na kuomba askari, akanong'ona ili asisikike. Habari kwamba darasa lina majeruhi ikapita kwenye redio za polisi. Mkuu yule alikuwa ameziacha redio zake nje, akidhani zitambana mikono. Askari mwingine alipigiwa na mkewe, mwalimu wa darasa lilelile, akamwambia amepigwa risasi. Askari huyo alitaka kuingia. Wenzake wakamtoa nje na kumnyang'anya silaha. Saa 6:21 zikasikika risasi nne zaidi. Kikosi kikasogea hadi karibu na mlango, kikasimama tena karibu nusu saa.

Siku ile walikusanyika askari 376. Kati yao 149 walikuwa wa doria ya mpakani na 91 wa polisi wa jimbo. Wahenga walituonya kuhusu manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Pale Robb palikuwa na mabaharia 376 na usukani hauna mtu. Mkuu wa polisi wa shule, mwenye askari watano chini yake, alisema baadaye kwamba hakujiona kuwa kamanda wa tukio. Wakuu wa vyombo vikubwa zaidi walidhani ni yeye, na hakuna aliyemwendea kumuuliza. Nje ya uzio, wazazi waliotaka kuingia wenyewe walizuiwa, na mama mmoja alieleza kwamba alitiwa pingu.

Kuna jambo dogo ambalo mijadala huliruka. Uvalde iko njiani kutoka mpaka wa Mexico, na miezi ile magari yaliyobeba wahamiaji yalikuwa yakikimbizwa na polisi, yanaacha barabara, abiria wanatawanyika mitaani. Kila mara shule ilipata tahadhari ya kujifungia. Tangu Februari hadi siku ile zilitolewa karibu 50. King'ora cha kila wiki humfanya mtu amalizie chai yake kwanza, na kamati iliandika kwamba mazoea hayo yaliwalegeza walimu na viongozi wa shule.

Lakini kwa nini jina la pili lilikuwa tamu kiasi kile? Hapa narudi kwenye dakika 3. Kamati ilikadiria kwamba mshambuliaji alifyatua risasi zaidi ya 100 kabla askari yeyote hajakanyaga ndani. Bunduki yake ilikuwa ya aina ya AR-15, nusu otomatiki. Risasi yake hutoka kwa kasi zaidi ya mara mbili ya risasi ya bastola ya kawaida, na fulana laini ambayo askari wa doria huvaa kila siku, iliyoshonwa kwa kuzuia bastola, haiizuii. Askari waliohojiwa walikiri kwamba hilo ndilo lililokuwa vichwani mwao: jamaa ana bunduki ya aina ile, tungoje ngao inayoistahimili. Ngao ikaja, wakangoja ufunguo.

Siwatetei. Walikula kiapo, na watoto waliokuwa ndani hawakuwa na fulana ya aina yoyote. Ila kama hofu ya bunduki moja iliwafunga miguu watu wenye silaha, mafunzo na mshahara wa kazi hiyo, basi bunduki yenyewe ni sehemu ya uchambuzi wa mbinu. Huwezi kuifungia kwenye faili la siasa. Na ilipatikanaje? Dukani, kwa risiti. Sheria ya shirikisho inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, lakini bunduki ndefu inaruhusiwa akifika 18. Kijana yule alitimiza 18 tarehe 16 Mei. Ndani ya siku chache alikuwa ameshanunua.

Desemba 2012, wiki moja baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika Shule ya Sandy Hook, kiongozi wa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, alitoa nadharia ambayo bado inatawala: dawa ya mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki. Uvalde iliipima nadharia hiyo kwa watu wema 376. Watetezi wake husema Uvalde ilikuwa aibu ya pekee, tazama Nashville. Sawa, tutazame. Tarehe 27 Machi 2023, simu ya kwanza kutoka Shule ya Covenant, mjini humo, ilipigwa saa 4:13 asubuhi. Askari walifika, mmoja akafungua mlango kwa ufunguo, wakaingia na bunduki ndefu zao, wakapekua chumba baada ya chumba, wakaufuata mlio hadi ghorofa ya juu. Saa 4:27 mshambuliaji alikuwa amekufa. Video za vifuani mwao sasa hufundishiwa, na zinastahili. Walifanya kila ambacho wenzao wa Texas hawakufanya. Na bado watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa, kwa sababu mbio zote hizo zinaanza baada ya risasi ya kwanza. Sandy Hook yenyewe ilikwisha ndani ya muda usiofika dakika 5 tangu simu ya kwanza.

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshaikumbuka Garissa. Aprili 2, 2015, washambuliaji wa al-Shabaab waliingia chuo kikuu kabla ya jua kuchomoza, na kikosi cha Recce kilichoweza kuwamaliza kilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Kilifika mchana. Kilipoingia, kazi ilichukua muda mfupi tu. Watu 148 walikuwa wameuawa. Sheria ya silaha ya Kenya ni kali kuliko ya Texas kwa mbali, na haikuwazuia al-Shabaab, ambao hawanunui dukani. Naitaja Garissa kwa sababu hiyo pia: sheria ya bunduki humgusa yule anayepita dukani. Kijana wa Uvalde alipita dukani.

Na sheria kama hiyo imewahi kupita hata kwa wapenda bunduki. Februari 2018, watu 17 waliuawa Parkland, Florida, huku askari wa shule mwenye silaha akibaki nje ya jengo. Alishtakiwa, na mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Wiki chache baada ya mauaji, gavana wa chama cha Republican alitia saini sheria ya kupandisha umri wa kununua bunduki ya aina yoyote hadi 21. Baada ya Uvalde, Bunge la Marekani lilipitisha uchunguzi wa kina zaidi kwa wanunuzi walio chini ya umri huo, na Rais Biden akatia saini tarehe 25 Juni 2022, siku mbili baada ya Mahakama ya Juu kupanua haki ya kubeba bastola hadharani. Texas nayo mwaka 2023 iliagiza kila shule iwe na mlinzi mwenye silaha.

Muswada wa Texas wa kupandisha umri hadi 21 kwa bunduki nusu otomatiki ulikuwepo pia. Familia za Uvalde zilikwenda Austin wiki baada ya wiki kuudai. Tarehe 8 Mei 2023, siku mbili baada ya watu wanane kuuawa kwenye eneo la maduka mjini Allen, jimbo lilelile, kamati iliupitisha kwa kura 8 dhidi ya 5, Warepublican wawili wakiwemo. Wazazi walilia na kukumbatiana. Ili ufike kwenye kikao kizima, ulitakiwa kuingizwa kwenye ratiba kabla ya usiku wa siku iliyofuata. Saa ya mwisho ikapita, na muswada haukuwemo.