Kukalia Kuti Kavu

Kocha akifungwa mechi tatu mfululizo, waandishi wa michezo husema amekalia kuti kavu. Sidhani kama wengi wao wamewahi kumwona mtu aliyekalia kuti kavu kweli, kutwa nzima, juani, kamba meno yakiibana. Mimi nimemwona. Alikuwa akiezeka upya nyumba ya bibi yangu, karibu na Pangani, na tangu hapo msemo ule umeniharibikia, maana yule fundi alikaa kwa raha kuliko mimi niliyekuwa chini nikimtazama.

Siku ya kwanza hakupanda. Aliingia ndani, akafunga mlango na madirisha, akainua uso gizani. Paa lilikuwa limejaa vitundu vya mwanga kama nyota. Bibi akamwonyesha maji yanapodondoka, pembeni ya kitanda. Fundi akatabasamu: "Hapo ni pa kuangukia, bibi, si pa kuingilia." Maji yalikuwa yakipenya juu, karibu na mwamba wa paa, yakishuka polepole na kombamoyo mpaka yakakutana na fundo la kamba, ndipo yakadondoka. Na si kila nyota huvuja. Kujua ipi ya kuiogopa, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kupanda ngazi hata mimi naweza.

Kisha akaezua. Wanaosifu mafundi husifu kujenga, lakini mimi nilivutiwa zaidi na kubomoa kwake. Makuti yalishuka na masizi, mijusi na nge mmoja aliyetukimbiza sote uani. Mifupa ya nyumba ilipobaki wazi, aligonga makombamoyo moja moja kwa mpini wa panga huku akisikiliza. Mti mzima hulia. Ulioliwa na mchwa hunyamaza. Miti yenyewe ilikuwa ya mikokoni, ndugu wa zile boriti ambazo majahazi yalizipakia Rufiji na Lamu kwenda Uarabuni. Vyumba vingi vya nyumba za kale za mawe za pwani ni vyembamba, mita tatu hivi au pungufu, kwa sababu urefu wa boriti ndio uliomwamuru mjenzi.

Makuti mapya ya viungo yalikwisha kushonwa na wanawake wa jirani, majani yamekunjwa juu ya kijiti na kubanwa yasicheze. Fundi alianzia upenuni, akapanda safu kwa safu, kila safu ikiifunika ya chini yake. Hivyo tone la mvua hukabidhiwa kuti kwa kuti mpaka mchirizini, bila kupewa nafasi ya kutua. Ndiyo maana paa la makuti lazima lisimame. Likilala, maji hutuama na makuti huoza kabla ya wakati wake.

Lakini ufundi ninaoustaajabia zaidi ni ule wa moshi. Dohani, kwa wazee wetu, ilikuwa ya meli. Nyumba zao hazikuwa nayo. Moshi wa kuni ulipenya katikati ya makuti na kutoka zake, na ulipokuwa ukipita uliyakausha na kuwafukuza wadudu. Paa lile lile lililokataa maji lilikubali moshi. Sijaona bati linaloweza hayo. (Sisemi kwa chuki: nyumba yangu mwenyewe ni ya bati, na mvua ikinyesha tunazungumza kwa ishara.) Wala siufichi upande wa pili: cheche moja huweza kuteketeza mtaa, na baada ya miaka kadhaa lazima uezue tena, uingie gharama tena.

Nyumba ya bibi sasa ni ya bati. Jiko la uani ndilo lililobaki la makuti, jeusi kwa masizi. Mwaka huu linataka kuezuliwa, na mafundi wote niliowauliza wananipa bei ya bati.