Ufundi wa Orodha Fupi

Maji ya mto Lufira, yaliyozuiwa yakawa ziwa Tshangalele, ndiyo yanayoendesha kituo cha umeme cha Mwadingusha, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kituo kilianza kazi mwaka 1930, enzi ya kampuni ya madini ya Union Minière. Ukarabati uliokamilika mwaka 2021 uliziwezesha mashine zake 6 kutoa megawati 78.

Tuseme mwandishi wa programu ameombwa kutengeneza daftari la zamu la kituo kama hicho. Kila mashine ina hali yake: imesimama, inawashwa, inazalisha, iko matengenezoni. Lugha nyingi za programu zina chombo cha kazi hiyo hasa, enamu: majina machache yanayotajwa mapema, ili jina lisilomo likataliwe.

Ila nyuma ya majina kuna nambari. Katika Java, iliyopata enamu mwaka 2004, nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo inazalisha ni 2 na matengenezo ni 3. JPA, utaratibu wa Java wa kuhifadhi data, usipoelekezwa vingine huandika nambari hiyo badala ya jina. Miaka inapita. Mafundi wanaomba hali mpya, inajaribiwa, na mwandishi anaichomeka panapoonekana ni pake, kabla ya inazalisha. Programu inakubali bila kunung'unika. Tangu hapo kila 3 ya zamani inasomwa inazalisha: mashine iliyokuwa imefumuliwa, vipande chini, inahesabiwa kuwa ilikuwa ikitoa umeme! Hakuna kilichofutwa, wala onyo halikutokea.

Joshua Bloch, mmoja wa waliobuni enamu za Java, ameonya katika kitabu chake Effective Java kwamba nambari ya nafasi isifanywe thamani ya kutegemewa. Onyo hilo lina uzito wa mtu anayekijua chombo tangu kilipochongwa.

Sifuri nayo inataka jicho kali. Katika lugha ya C#, enamu ambayo haijajazwa huwa 0, hata kama hakuna jina lililopewa 0. Ikiwa 0 ni imesimama, basi waya wa kipimo ukikatika na taarifa isifike, skrini itatangaza utulivu ambao hakuna aliyeuthibitisha. Fundi hodari huiacha 0 iwe haijulikani. Kazi hiyo haionekani na haipigiwi makofi, nayo ni ya heshima kubwa, kwa sababu inailazimisha mashine ikiri isichokijua.

Anayeandika programu za namna hii leo, iwe katika mji wa Likasi au wa Kolwezi huko Kongo, ahifadhi majina, na kama ni lazima ahifadhi nambari, kila hali mpya aiweke mwisho wa orodha.