Ganda Lisilotoka

Winchester ya mwaka 1887 ni bunduki inayopendwa zaidi na wasioifahamu. Ni bunduki ya marisau, ya kukokiwa kwa wenzo ulio chini ya mkono, ileile aliyoizungusha Arnold Schwarzenegger juu ya pikipiki katika filamu ya Terminator 2 mwaka 1991. Za asili zilitengenezwa zaidi ya 60,000, nazo zimezeeka. Wanaoitamani leo hununua nakala zilizoundwa China au Italia. Nakala inapendeza machoni, mbao zake zinang'aa. Ifyatuliwe mara mbili tatu, ganda linagoma kutoka, na mwenyewe anabaki kuuchokonoa mtambo kwa kidole.

Huko Marekani nilipata kumtazama fundi bunduki mmoja mzee akiletewa nakala yenye ugonjwa huo. Mteja alikuja na kipuri kipya, kulabu ya kuvutia ganda, alichokwisha kukinunua mtandaoni kabla hajajua kama ya zamani ina kosa. Fundi hakukigusa. Alihakikisha bunduki ni tupu, akaiweka kando, akauliza, "Maganda yako wapi?" Mteja akashangaa: nani anatunza maganda matupu? Yakapatikana machache chini ya mkoba.

Sijaona mtu akitazama taka kwa heshima namna ile. Aliligeuza kila ganda dirishani. Ukingo wa kitako ukiwa umekwaruzwa mahali pamoja, kulabu ilishika kisha ikateleza. Ukingo ukiwa mzima na kiwiliwili kina mikwaruzo ya mviringo, kosa limo ndani ya chemba, tundu linamokaa ganda: kekee ilipita kwa haraka kiwandani, ikaacha mifereji midogo ambayo ganda likivimba kwa moto huing'ang'ania. Kisha akachukua sumaku. Kitako kilichoonekana cha shaba kikanata. Kumbe ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kama zilivyo risasi nyingi za bei rahisi. Shaba ya njano ikishatanuka hurudi nyuma kidogo na kuliachia ganda. Chuma hicho cha rahisi hurudi kwa uvivu.

Lililonikaa zaidi kichwani ni jambo la urefu. Ganda la leo huandikwa milimita 70, na huo ni urefu wake likishafyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa kuyafungia marisau, kwa hiyo ni fupi kwa karibu sentimita moja. Linaingia bila taabu. Likilia, mkunjo unafunguka, na kinachotakiwa kutoka kimekuwa kirefu kuliko kilichoingia. Bunduki za asili zilipimwa kwa ganda la karatasi na baruti nyeusi, lenye milimita 67 hivi. Mwenye kunakili akirefusha chemba, halafu asiupe mlango wa kutokea nafasi yake, mdomo wa ganda utagonga ukingo na kurudi ndani ya mtambo. (Mwenye bunduki ya asili asijaribu kabisa kuitia risasi ya leo. Hapo si suala la kukwama tena. Ni suala la shinikizo linaloweza kumdhuru.)

John Browning wa Ogden, Utah, aliyeibuni bunduki hii, hakuutaka wenzo. Aliona kwamba bunduki ya marisau ingefaa kukokiwa kwa kuvuta na kusukuma mkono wa mbele. Wenye kampuni ya Winchester waling'ang'ania wenzo kwa kuwa ndio uliowajengea jina, naye akatii. Miaka kumi baadaye alikuwa na yake ya 1897, ya kuvuta na kusukuma, ikaendelea kuundwa hadi 1957. Hata hivyo ile ya wenzo aliyoagizwa aliifanya ikafanya kazi. Wanaoinakili leo wana mashine ambazo yeye hakuziota, lakini umbo ndilo linalouzwa, na chemba haionekani kwenye picha ya tangazo.

Fundi wetu alifunga kitambaa cha msasa laini kwenye kijiti, akakizungusha chembani taratibu, akafuta, akachungulia, akazungusha tena. Alikuwa akiondoa mikwaruzo tu, kwa maana chuma kikishapungua hakirudishwi. Baadaye akajaribu kwa risasi bandia, akauvuta wenzo mpaka mwisho kwa mkono mmoja wa uhakika. Maana hii nayo ni sababu: anayeuvuta kwa woga hulitoa ganda bila kulirusha, kisha huilaumu bunduki.

Ustadi huo bado una wateja. Wanachama wa Single Action Shooting Society, iliyoanzishwa 1987, hushindana kwa silaha za enzi ya wachunga ng'ombe, na kanuni zao zinakataza bunduki ya mitutu miwili inayojirushia maganda yenyewe. Ndiyo maana chemba zao hung'arishwa mpaka maganda yaporomoke kwa mvuto mmoja wa kurudi nyuma. Lakini mafundi wanaoombwa kazi hiyo ni wazee, na vijana wanaowaendea wanataka kuuziwa kipuri. Yule niliyemtazama hana mwanagenzi.

Ukiwa na nakala inayokwama, usianze kwa kununua kipuri. Mpelekee fundi bunduki ikiwa tupu, pamoja na maganda yaliyokwama, na jina la risasi ulizotumia.