Pongezi kwa Mangi
Mto Msimbazi ukifurika na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, Dar es Salaam hukatika vipande, na Kariakoo, wanakonunua jumla wenye maduka wengi, huwa mbali ghafla. Hata hivyo Magomeni na Kigogo jioni watu hupika. Sifa hiyo nampa Mangi, mwenye duka la mtaani, kwa sababu akiba ya chakula haikai kwenye ghala moja linaloweza kuzingirwa na maji. Imetawanyika kwenye vyumba vidogo kila kona, huku gunia la unga, kule maharage na dumu la mafuta ya kupima. Wapo wanaomlaumu kwamba mvua ikizidi anapandisha bei. Baadhi hufanya hivyo, na anayeficha sukari simtetei kabisa. Lakini guta linalozungushwa njia ndefu lina gharama zake, na kibarua aliyekosa kazi wiki nzima hasaidiwi na bei nafuu ya supamaketi asiyoweza kuifikia. Anahitaji robo ya sukari leo, iandikwe kwenye daftari. Mangi humwandikia, huku mwenyewe akipandisha magunia juu ya kreti za soda; likilowa moja, hasara ni yake.