Tonto ya Saa Ngapi?

Katika arusi za Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, hasa siku ya okuhingira, binti anapoagwa kwao, chupa ya "shampeni" haikosi. Hutikiswa, kizibo kikaruka, wanawake wakapiga vigelegele, na nusu ya mapovu ikamwagikia nyasi. Mara nyingi chupa yenyewe haijawahi kuiona Ufaransa. Imetoka Afrika Kusini au Italia, au ni juisi ya zabibu iliyotiwa gesi ili walokole nao washike glasi. Hakuna anayelalamika. Ubishi wa kweli uko nyuma ya turubai, kwenye madumu ya njano ya pombe ya ndizi: hii imetoka kwa nani, imelala siku ngapi, na mbona haina mtama?

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuingia katika ubishi huo akiwa na hoja.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kupokewa Wanyarwanda, na baadaye wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Katika masoko ya Base Camp, Juru na Rubondo Kiswahili husikika sana. Isingiro nayo ni nchi ya migomba: vilima vizima ni kijani kibichi, na malori ya matoke hayakauki barabarani. Ndiyo maana majirani wanne huweza kukuuzia pombe nne za ndizi zilizo ndugu. Mnyankole anakupa tonto, Mnyarwanda urwagwa, Mrundi urwarwa, na mama Mkongo wa Kivu anakumiminia kasiksi. Vuka mto Kagera, upite Karagwe hadi Bukoba, utakuta Wahaya na lubisi yao.

Kila mmoja wao atakuuliza swali lilelile: je, hii inaifikia ya kwetu? Swali hilo ndilo linaloharibu hukumu za wanywaji wengi, na halikuanzia Nakivale. Wapenzi wa mvinyo wenye mapovu wamelirudia kwa miaka mingi: Cava ya Hispania inaifikia Champagne? Na Prosecco je? Na ile ya Kusini mwa Uingereza? Champagne ni jimbo la Ufaransa, kule Reims na Épernay, na jina lake linalindwa kisheria. Mipaka na kanuni zake zilithibitishwa mwaka 1936. Mvinyo wake huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na usio wa mwaka maalumu haupati ruhusa ya kuuzwa kabla ya miezi 15 tangu kutiwa chupani. Humo hupata harufu ya mkate na njugu ambayo walevi wa kistaarabu huisifu. Cava hufuata njia hiyohiyo kwa zabibu nyingine, ikikaa miezi 9 kwenda juu. Waafrika Kusini wanayo Cap Classique yao, iliyoanzia kwa Simonsig kule Stellenbosch mwaka 1971. Hizo zinaweza kuwekwa meza moja na Champagne, kwa kuwa zimepitia kazi ileile.

Prosecco haimo. Uchachu wake wa pili hufanyika ndani ya tangi kubwa la chuma, kwa muda mfupi, makusudi ili ibaki na harufu mbichi ya pea na maua. Anayeilaumu kwa kukosa harufu ya mkate anailaumu kwa kutofanya jambo ambalo haikukusudia. Nami nasema hivyo hivyo kwa Mnyarwanda anayesema tonto ya Ankole ni "maji matupu", na kwa Mnyankole anayesema urwagwa ni "dawa ya kikohozi". Kabla ya kuhukumu pombe, jua ilitaka kuwa nini.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Champagne huhesabu miezi na miaka, lakini pombe ya ndizi huhesabu saa. Dumu lilelile ni vinywaji vitatu tofauti: jioni ya kwanza ni sharubati yenye mwasho, siku ya pili ni pombe, siku ya nne inaelekea siki. Kwa hiyo swali la mjuzi si la nchi. Ni hili: "Mama, hii uliitia mtumbwini kuchachuka saa ngapi?" Muuzaji hodari atajibu bila kufikiri. Akianza kuhesabu vidole, subiri ujionee mwenyewe.

Tuanze na ndizi, maana huko ndiko kwenye siri nyingi. Matoke ya kupika hayatoi pombe ya maana. Zinatakiwa ndizi za pombe, ambazo Waganda huziita mbidde, au aina zilizoingia baadaye kama Kayinja na ile ndogo tamu ya Kisubi. Mbidde ikiwa mbichi ina ukakasi wa kukunja uso. Ikishaiva na kukandwa vizuri, ukakasi hushikamana na makapi, juisi ikatoka tamu na safi. Hilo ndilo jambo la kustaajabisha katika kazi nzima, na ndilo linaloifanya ndizi isiyolika iwe bora kuliko inayolika. Kayinja ina juisi nyingi, ila ndiyo iliyoumia zaidi kwa mnyauko wa bakteria uliogunduliwa Uganda mwaka 2001, kwa kuwa wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua la mgomba mmoja hadi mwingine. Mashamba mengi yalifyekwa. Ukionja tonto ya sasa ukaona haina ule mnuko mzito wanaoukumbuka wazee, huenda kosa si la mpishi.

Ndizi huvundikwa. Shimo huchomwa moto, majivu yakaondolewa, likatandikwa majani ya mgomba, ndizi zikapangwa na kufunikwa kwa majani na udongo siku 3 hadi 5. Wanyarwanda wana jina la shimo hilo, urwina, na mwenye shimo zuri huheshimiwa. Wengine huzianika juu ya jiko, moshi uzifanyie kazi. Zikiiva nusu nusu, juisi huwa na wanga, na pombe yake huacha vumbi ulimini hata uichuje mara tatu. Kasoro hii ni ya kawaida Nakivale, ambako wengi hawana shamba la kutosha, hununua mikungu kwa wenyeji, na mkopo wa mikungu hausubiri shimo.

Kisha huja kukamua. Ndizi zilizomenywa hukandwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi kavu, mpaka juisi ijitenge. Hiyo ndiyo eshande kwa Kinyankole, umutobe kwa Kinyarwanda, na Waislamu na walokole huishia hapo. Usiwadharau: kuonja juisi ndiko kuonja pombe kabla haijajificha nyuma ya kileo. Chukua tone, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha. Likivuta uzi, juisi haijamiminiwa maji kupita kiasi. Ukiambiwa kwamba huruhusiwi kuonja juisi, nenda kwa jirani.

Baada ya hapo maji huongezwa, na mtama uliokaangwa na kutwangwa hunyunyizwa ndani. Mtama huleta chachu, rangi ya hudhurungi na uchungu wa mwisho. Ukikaangwa kidogo mno, pombe hubaki kama uji wa ndizi. Ukiungua, kila fundo lina ladha ya jivu. Yote humiminwa katika mtumbwi wa gogo, hufunikwa kwa majani ya migomba na kuachwa siku moja hadi tatu. Mti wa mtumbwi huhifadhi chachu ya pombe zilizopita katika vinyweleo vyake, ndiyo maana wapishi wa zamani hawakuusugua kwa sabuni. Dumu la plastiki halina fadhila hiyo. Linachohifadhi ni harufu ya kilichotangulia, hata kikiwa mafuta ya taa. Maji nayo yatazamwe. Maji ya bomba ya makazini hutiwa klorini, na klorini ikiwa nyingi huizubaisha chachu. Mpishi mwangalifu huyaacha wazi usiku kucha.

Sasa kikombe kiko mkononi. Kabla ya kunywa, tega sikio kwenye mdomo wa dumu. Pombe iliyo hai huchemka kwa mnong'ono mfululizo, kama mvua ya mbali juu ya majani. Kimya kabisa maana yake imechelewa au haijaanza. Kisha tazama povu. Mapovu madogo yanayotambaa polepole kuelekea ukingoni ni dalili njema. Makubwa yanayopasuka upesi kama ya sabuni huonyesha chachu changa au chombo kichafu. Hapa usidai nguvu ya Champagne, ambayo ina shinikizo la takriban mara 6 ya hewa ya nje na ndiyo maana chupa yake ni nene. Ndugu wa karibu wa tonto kule Ufaransa ni mvinyo wa Limoux unaotengenezwa kwa njia ya kale: hutiwa chupani uchachu ukiwa haujamalizika, ukabaki na sukari yake na utando wake. Ukungu ndani ya tonto si aibu. Aibu ni makapi na vipande vya nyasi.

Harufu nzuri ina tabaka tatu: ndizi mbivu, nafaka ya kukaanga, na moshi kidogo kutoka shimoni. Ukinusa siki, muda umepita. Ukinusa kuvu, majani ya kufunikia yalikuwa yameoza. Ulimini, utamu utangulie, uchachu ufuate upesi, uchungu wa mtama ufunge. Utamu unaobaki peke yake hadi mwisho ni wa pombe changa, na tumbo litakuambia usiku.

Kileo cha tonto hutofautiana sana, mara nyingi kati ya asilimia 6 na 11, wakati Champagne iko karibu 12. Wauzaji wengine huona hiyo haitoshi, wakaongeza sukari na hamira ya dukani, au wakamimina ndani waragi, yaani pombe kali. Ujanja huu unatambulika: joto linawaka kooni lakini puani hakuna ndizi. Usicheke tu ukaendelea kunywa. Mwezi Aprili 2010, wilayani Kabale, makumi ya watu walikufa kwa pombe kali iliyochanganywa na methanoli. Kikombe usichokielewa kimwage.

Kwa ndugu wengine, badili mizani. Urwagwa huvumilia siku nyingi zaidi, hasa ukiwa chupani, na mtama wake usikike waziwazi. Ukichanganywa na asali unakuwa inkangaza, na hapo utamu si kosa tena. Warundi hutofautisha urwarwa uliotiwa maji na insongo isiyotiwa. Insongo hunywewa kidogo kidogo kwa mrija, na anayeijaza jagi hajafundishwa. Kasiksi ya Kivu naiona tamu zaidi na yenye haraka, kinywaji cha kuanzia mazungumzo ya mahari kuliko cha kuyamalizia. Mbege ya Kilimanjaro iko mbali kidogo: ndizi zake huchemshwa, kimea ni cha ulezi, na uchungu hutoka kwenye gome la msesewe. Kuilinganisha na tonto ni kulinganisha mvinyo na bia.

Jina la tonto halilindwi na sheria yoyote kama lile la Champagne, na sioni haja ya kulililia. Kinacholilinda ni sifa ya mpishi mmoja mmoja, ambayo hupanda na kushuka kila wiki. Nikilazimishwa kuchagua, nitachukua tonto ya vilima vya Isingiro, ya ndizi za shimoni, iliyotoka mtumbwini asubuhi ya siku ya pili. Insongo naiweka ya pili, kwa tofauti ndogo, na Warundi wana haki ya kukata rufaa. Ukinunua tonto Nakivale kwenda nayo Mbarara, usijaze dumu hadi mdomoni, legeza kifuniko njiani ili gesi itoke, na uinywe siku hiyohiyo.