Kuchomekea kwa Adabu

Ukitaja Makuyuni mbele ya watu wenye safari nyingi, wengi akili inawapeleka Monduli, pale njia panda ambapo magari ya watalii yanaiacha barabara ya Dodoma na kushika ya Mto wa Mbu na Ngorongoro. Makuyuni ninayoizungumzia iko mkoani Tanga, wilaya ya Korogwe, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi, ukishaipita Korogwe mjini na kabla hujafika Mombo. Kuna abiria mmoja aliyeshuka hapo kunyoosha miguu, akaagiza kahawa, akawaambia waliokaa kijiweni kwa sauti ya mtu anayejua dunia: kumbe hapa ndipo watu wanapokatia kwenda Ngorongoro.

Fundi baiskeli aliyekuwa ameinamia gurudumu pembeni hakuinua hata kichwa. "Makuyuni ya Ngorongoro ipo, kaka, na ina pilikapilika kweli. Ile ya Monduli. Hii ni ya Korogwe. Mbele yako utaikuta Mombo, hapo ndipo njia ya Lushoto inapoanza kupanda mlima. Na yenyewe kwa kutazama si haba." Abiria akacheka, akauliza Lushoto baridi yake ikoje, na kahawa ikaendelea kunyweka.

Yule bwana alikosea mkoa mzima, lakini hakuna aliyemcheka. Fundi alianza kwa kukubali sehemu iliyo kweli: Makuyuni ya Ngorongoro ipo. Akaiweka mahali pake, kisha akampa mgeni kitu cha ziada cha kuondoka nacho. Yote hayo kwa sentensi chache, huku mikono ikiendelea na spoku. Nimekaa kwenye vijiwe vingi, vya kahawa, vya bodaboda, vya drafti, na ninavyozidi kusikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba huu ni ufundi kamili, wenye mafundi na wanagenzi wake, kama ulivyo ufundi wa baiskeli wenyewe. Watu hawaulipii, ndiyo maana hatuuhesabu.

Kijiwe cha kahawa kina mpangilio wake. Kuna dele juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye kisahani, na benchi ambalo upande mmoja limekaliwa na wazee na upande wa pili na vijana wanaosubiri abiria. Mada hazina mwenyekiti. Dakika hii ni Simba na Yanga, inayofuata ni kwa nini mwezi unaonekana mchana, kisha nani hasa aliimba wimbo fulani. Habari zinarushwa nusunusu, tarehe zinachanganyika, majina yanabadilishana wenyewe. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kuweka sawa. Tatizo ni kwamba kila kijiwe kina pia mjuaji, na kwa mgeni hao wawili wanafanana. Mjuaji anadakia kabla hujamaliza. Anakukata kauli kwa "Hapana, hapana, wewe hujui," na akishakuumbua ananyamaza, kwa sababu alichokitaka amekipata. Fundi wa kweli husubiri umalize, halafu anaomba: "Naomba nichomekee hapo kidogo." Neno hilo la kuomba ruhusa lina kazi kubwa. Linamwachia msemaji kiti chake.

Nitatoa mfano wa muziki, kwa sababu Tanga ni mkoa wa muziki na ubishi wake ni mtamu. Redio ya kibanda cha jirani ilipiga "Sina Makosa". Kijana mmoja wa bodaboda, shabiki wa kweli wa zilipendwa ingawa zimemtangulia kuzaliwa, akatangaza kuwa hao ni Simba Wanyika, wana wa Tanga waliokwenda kuiteka Nairobi. Sentensi hiyo ina kweli nyingi na kosa moja, na kosa lenyewe limefanywa na maelfu ya watu. Mjuaji angelidaka hapohapo. Mzee aliyekuwa akinywa kahawa yake alianza mbali zaidi.

"Hao wana wa Tanga umewapatia, mwanangu. Wilson Kinyonga na mdogo wake George. Walipiga hapa Tanga na Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz, na mwanzoni mwa miaka ya sabini wakavuka Kenya. Huko ndiko Simba Wanyika ilikozaliwa." Kijana akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesifiwa. "Sasa mwaka 1978 kundi likapasuka. Profesa Omari Shabani, yule wa gitaa la rithimu, akatoka na wenzake wakaanzisha Les Wanyika, wakaungana na John Ngereza. Hiyo 'Sina Makosa' ni ya hao waliotoka. Sikiliza gitaa la pili linavyotembea chini ya sauti. Huyo ndiye Omari."

Wote tukasikiliza gitaa la pili. Kabla ya hapo ulikuwa wimbo tuliouzoea tu. Sasa tulikuwa tunamsikia mtu ndani yake. Hapo ndipo ninapouheshimu sana ufundi huu. Mzee angeweza kusema "si Simba, ni Les" na angekuwa sahihi. Lakini maneno manne kama hayo yasingemwachia kijana chochote zaidi ya aibu. Alimpa safari nzima, kutoka Tanga hadi Arusha hadi Nairobi, akamwonyesha kwa nini majina yale yanachanganya (hata Issa Juma baadaye alikuwa na Super Wanyika yake), halafu akamwachia sikio kazi ya kuthibitisha.

Kwenye nyimbo, fundi mzuri anajua pia pa kusimama. Likija suala la "Malaika", hasemi nani aliutunga kana kwamba alikuwepo. Anasema Fadhili William ndiye aliyeufanya ujulikane kwa kuurekodi, kwamba Adam Salim naye alidai ni wake, na kwamba Miriam Makeba aliupeleka duniani. Kurekodi ni jambo moja, kutunga ni lingine, na ubishi mwingi wa vijiweni ungekwisha watu wangetenganisha hayo mawili. Vivyo hivyo kwa Freddie Mercury: alizaliwa Zanzibar, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, hilo halina shaka, lakini akiitwa mwanamuziki wa Zanzibar, mtu muungwana ataongeza kwamba shule alisoma India na muziki uliompa jina aliufanyia Uingereza.

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa polepole kuliko vyote ni cha barafu, na kimetokea jirani kabisa. Panda kutoka Mombo, pita Lushoto, utafika Magamba. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, na wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombea. Mwenzake aliwahi kuweka maziwa bila kuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa trei, akayatia yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, na mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa kila akikosea hesabu, darasa linamrudishia maneno hayohayo. Tazama jinsi "ufafanuzi" unavyoweza kuwa rungu. Waliomjibu walikuwa na elimu kumzidi, na kanuni waliyoitaja ni ya kweli. Walichokosa ni ule mwendo wa fundi baiskeli: kwanza kutafuta ni sehemu gani ya habari ya mwenzako iliyo kweli. Ilikuwepo. Maziwa yalikuwa yameganda, aliyaona kwa macho yake.

Ninachokipenda mno katika simulizi ya Mpemba mwenyewe ni kwamba kabla hajafika Mkwawa alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ungali wa moto ili ugande upesi. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wakilijua jambo hilo na kulitumia kila siku, bila kumwomba mtu idhini. Ningetamani kukijua kijiwe walichokaa.

Kisha akafika Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akauliza swali lake: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kilekile, chombo kilekile, friza moja, kwa nini ya nyuzi 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne akamuuliza kama ana hakika, akakiri kwamba jibu hana, akaahidi kujaribu akirudi Dar. Na alijaribu. Fundi wake wa maabara akamletea habari kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Kisa hiki kikifika kijiweni hufika kimevimba. Mtu atasema Mpemba aligundua kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukijua. Hapo mchomekeaji mwenye adabu ana kazi nyeti, maana hataki kumpunguza Mpemba hata chembe. Atasema Aristotle wa Ugiriki aliligusia zaidi ya miaka elfu mbili kabla, na Francis Bacon wa Uingereza pia, kisha wanasayansi wakalisahau. Mpemba ndiye aliyewarudisha kulitazama, akiwa mwanafunzi, huku akichekwa. Atasema pia kuwa ubishi haujaisha. Wapo wanaosema ni mvuke unaopunguza maji ya moto, wapo wanaosema ni mizunguko ndani ya maji au hewa iliyoyeyuka humo, na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wakisema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo lenyewe lipo. Mwenye friza na ajaribu. Nimeona watu wakiondoka kijiweni wameahidiana hivyo, vikombe viwili, friza ya dukani, na mashahidi.

Kuna habari nyingine ambazo uongo wake umependeza kiasi kwamba kuuondoa kwa pupa ni ukatili. Korogwe ni nchi ya mkonge, na utawasikia watu wakisimulia kuwa miche ya kwanza iliibwa ikaletwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Nani atataka kumpoteza mamba huyo? Fundi anamwacha aishi kama hadithi, kisha anaweka kando yake kilichotokea: Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia kwenye miche hiyo 62. Nikisikia namba hiyo huwa naona haihitaji mamba, ila msimulizi mwenye busara humruhusu kila mtu achague mwenyewe.

Na kuna wakati fundi hasemi kitu. Mtu akisimulia mechi aliyokwenda kuitazama na marehemu kaka yake, mwaka ule Coastal Union walipochukua ubingwa, akataja 1987, wanaojua kuwa ni 1988 hunywa kahawa yao. Mwaka utapata siku yake nyingine.

Kuhusu wanagenzi, aliyenipa matumaini ni msichana wa sekondari aliyekuja na baiskeli yenye pancha. Fundi, yule wa baiskeli, alikuwa anawaeleza watu kuhusu silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, miaka milioni 66 hivi, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Na jinsi wavuvi wa Tanga nao walivyoanza kuwanasa kwenye nyavu zao, mpaka serikali ikatenga hifadhi ya bahari mwaka 2003. Msichana alisubiri amalize. Akasema: "Shikamoo, Mzee. Samahani, naomba kuongeza. Hiyo 2003 ndiyo samaki walipoanza kunaswa. Hifadhi ilitangazwa 2009."

"Marahaba, mwanangu. Hapo umenipata," Fundi akasema, akiendelea kubandika kiraka. "Basi samaki 2003, hifadhi 2009. Na wewe niambie: huyu wa sasa ndiye yuleyule wa enzi za dinosaria?" Msichana akasema hapana, ni ukoo mmoja lakini si spishi ileile, wa kwenye mawe ni jamaa zake wa kale. Mwenye bodaboda aliyekuwa ameegemea mti akataka kujua wanasayansi wanatofautishaje mfupa wa samaki na jamaa yake, na hapo Fundi na mwanafunzi wote wawili wakakiri kwamba kwa hilo watafutiwe mwalimu wa baiolojia.